Mkanda Unaonuka Siki: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ukifungua kopo la filamu ya zamani ukakutana na harufu ya siki, jua mkanda umeanza kuoza. Kwa miongo mingi sinema zilichapwa kwenye plastiki ya asetati. Joto na unyevu huifanya plastiki hiyo itoe asidi ya siki, na asidi ikibaki ndani ya kopo huchochea uozo uzidi. Katika chumba cha nyuzi 21 chenye unyevu wa asilimia 50, mkanda mpya huchukua takriban miaka 40 kabla uozo haujaanza. Stoo za Tanga, Mombasa au Unguja zina joto kubwa kuliko hilo, kwa hiyo muda ni mfupi zaidi. Uozo huu hauna dawa. Kinachowezekana ni kuuchelewesha hadi picha zinakiliwe. Mwenye dhamana ya mikanda, awe wa shule, parokia, idara ya serikali au jumba la sinema lililofungwa, ayafuate haya.

FANYA

1. Tambua aina ya mkanda. Filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 inaweza kuwa ya nitrati. Nitrati hujitengenezea oksijeni inapoungua, na maji hayaizimi. Neno "Safety" ukingoni ni dalili njema lakini si uthibitisho, maana huenda lilinakiliwa kutoka mkanda mwingine. Ukishuku nitrati, iache, hamisha watu, kisha wasiliana na zimamoto na idara ya nyaraka za taifa.

2. Pima asidi. Karatasi za A-D, zinazotengenezwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, huwekwa ndani ya kopo lililofungwa kwa saa 24. Ikibaki bluu, mkanda ni mzima. Ikiwa kijani, uozo umeanza. Ikiwa njano, hiyo ni dharura.

3. Tenga mikanda inayonuka. Mvuke wake huambukiza mizima iliyo jirani. Tenga pia mikanda ya sauti ya sumaku, kwa kuwa chembe zake za chuma huharakisha uozo.

4. Tupa makopo yenye kutu. Tumia makopo ya polipropilini yenye matundu ya hewa, uyalaze bapa.

5. Tafuta baridi na ukavu. Unyevu uwe kati ya asilimia 30 na 50. Mkanda wa asetati unaokwenda kwenye friza ufungwe ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa. Ukiutoa, usifungue mifuko kwa siku nzima, la sivyo umande utaulowesha.

6. Nakili kwa mpangilio. Anza na ulio wa pekee na uliooza zaidi. Ule wenye nakala nyingine nzima mahali pengine unaweza kusubiri.

USIFANYE

1. Usipitishe kwenye projekta mkanda uliosinyaa. Ulaze kando ya mkanda mpya wa kipimo hicho hicho, linganisha tundu la kwanza kwa la kwanza, kisha hesabu hadi 100. Ukikuta umepishana kwa tundu zima, umesinyaa kwa asilimia 1, na meno ya projekta yataurarua. Peleka kwa wenye skana ya mikanda iliyosinyaa.

2. Usiufunge mkanda kwa nailoni kwenye stoo ya joto. Asidi inahitaji kutoka.

3. Usifute kwa maji. Utando wenye picha ni wa jelatini, nao hulainika ukilowa. Unga mweupe ukingoni ni kemikali iliyotoka kwenye plastiki. Mwachie fundi.

4. Usivute mizunguko iliyogandamana. Picha itabanduka na kubaki upande wa pili.

5. Usihifadhi mikanda darini chini ya bati wala sakafuni panapofika mafuriko.

6. Usiseme filamu iliyogeuka waridi haina faida. Rangi za buluu na njano ndizo zilizofifia, ila picha bado ipo, na fundi anaweza kuzirekebisha rangi baada ya kuiskani.

7. Usifanye kazi katika chumba kisicho na hewa. Vaa glavu na barakoa. Mvuke huu huunguza macho na koo.

8. Usitupe mkanda asilia baada ya kuunakili. Diski huharibika na miundo ya faili hubadilika. Kati ya filamu takriban 35 zilizopigwa na mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment wenye makao Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, zinazojulikana kubaki ni 3 tu. Sura za watu na mashamba yaliyokuwa kwenye zile nyingine hatutaziona tena.

Ikiwa kuna kopo lolote katika ofisi au nyumba yako, lifungue wiki hii, lipime, uandike ulichokuta. Kila mwezi wa joto unaopita unakula picha, na picha iliyoliwa hairudishwi na fundi yeyote.