Kufuma na Kufumua: Sweta ya Shule na Vitenzi Vyake

Kauli ya kutendua hufundishwa kwa mifano ile ile: funga na fungua, ziba na zibua. Fuma na fumua hutajwa kwa nadra, ilhali katika nyanda za juu za Kenya, hasa miaka ya 1970 na 1980, jozi hiyo ndiyo iliyobeba maisha ya sweta ya mvulana wa shule.

Nomino sweta ni ya mkopo kutoka Kiingereza. Vitenzi vilivyoipokea vilikuwapo tayari. Sweta ilifumwa nyumbani kwa sindano mbili, ama sokoni na fundi mwenye mashine ya mkono, kwa rangi ya shule: kijani, buluu au damu ya mzee. Ilifumwa kubwa makusudi. Mikono ilikunjwa, ikakunjuliwa kadiri mtoto alivyorefuka (jozi nyingine hiyo). Viwiko vilitangulia kuisha kwa kuegemezwa dawatini, kisha ncha za mikono, ambazo mwenyewe alizitafuna hesabu zilipomshinda. Viraka vikafuata. Ilipokuwa haivaliki tena, mama aliifumua, akauosha uzi, akauviringisha na kumfumia mdogo wake. Hapa fumua si kinyume cha fuma tu. Ni hatua ya kwanza ya kufuma upya, maana ambayo kamusi haiidokezi. Aidha, itofautishwe na fumuka: sweta iliyofumuka ilikuwa aibu, iliyofumuliwa ilikuwa akiba.

Akiba hiyo haikuwa jambo dogo. Karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, na katika shule zote za msingi za umma mwaka 2003, lakini sare ilibaki mzigo wa mzazi, na asiyekuwa nayo alirudishwa nyumbani. Uzito wa mzigo huo umepimwa. Katika utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, ulioanza 2003 katika shule 328 za magharibi mwa Kenya, wanafunzi waliopewa sare bila malipo, wavulana kwa wasichana, waliacha shule kwa kiwango cha chini kuliko wenzao.

Imesalia jozi ya vaa na vua. Kwenye baridi ya Julai huko Limuru au Kinangop, sweta ilisitiri zaidi ya mwili: chini yake shati liliweza kukosa mgongo mzima bila mtu kujua. Kwa mvulana wa namna hiyo, amri nzito kuliko zote gwarideni ilikuwa ya neno moja: vueni.