Robo Saa ya Manchester
Kijitabu kwa Waswahili wanaoishi Uingereza

Usiku wa tarehe 22 Mei 2017, wazazi walikuwa kwenye njia ya kutokea ya ukumbi wa Manchester Arena, wakiwasubiri watoto waliokwenda kwenye tamasha la muziki. Mzazi mmoja alimwona mtu ameketi pembeni peke yake na begi kubwa la mgongoni. Akamfuata, akamuuliza lina nini ndani. Jibu halikumridhisha, akaenda kumweleza mhudumu wa ukumbi. Habari ilimfikia mlinzi, ikaishia hapo. Haikufika chumba cha udhibiti. Kama robo saa baadaye, saa 4:31 usiku, begi lile lililipuka. Walikufa watu 22, mdogo wao ana miaka 8.

Mlinzi yule aliueleza uchunguzi wa umma kwamba aliogopa kukosea akaonekana mbaguzi wa rangi. Lawama haikuwa yake peke yake: ripoti ya 2023 ilisema MI5, idara ya usalama wa ndani, nayo ilikosa nafasi muhimu ya kuchukua hatua, na mkuu wake akaomba radhi.

Tazama tendo, si kanzu

Anayepiga picha kamera za ulinzi na milango ya dharura, au anayekusanya kemikali bila kazi inayozihitaji, huyo ana la kuulizwa. Ndevu, hijabu na kanzu si dalili ya chochote. Wauaji wa Al-Qaeda na Dola ya Kiislamu wamelipora neno jihadi, na Mwislamu anayetoka zake msikitini hawiwi maelezo kwa ajili yao.

Nyumbani

Mwambao wetu umo katika historia hii. Novemba 2010 polisi wa Kenya walimkamata Michael Adebolajo maeneo ya Lamu, akishukiwa kwenda Somalia kujiunga na al-Shabaab. Alirudishwa Uingereza. Mei 2013, yeye na mwenzake walimuua askari Lee Rigby huko Woolwich, London.

Siku hizi kijana hahitaji jahazi wala pasipoti. Anavutwa kwa simu akiwa chumbani kwake. Mzazi ukiona mwanao anajitenga, anasifu mauaji, anawaita ndugu zake makafiri, usingoje. Mpango wa serikali wa Prevent unaweza kumfikisha kwenye Channel, anakopewa mlezi wa kuzungumza naye. Kujiunga ni hiari, na si mashtaka. Tunajua Waislamu wengi hawauamini Prevent, wanauona kama upelelezi, na si malalamiko ya kupuuzwa. Hata hivyo, mama mwenye hofu leo usiku anahitaji mahali pa kuanzia.

Likitokea shambulio

Kimbia. Ukishindwa, jifiche na uzime mlio na mtetemo wa simu. Ukiwa salama, piga 999. Huwezi kusema? Kwenye simu ya mkononi, ukiambiwa, bonyeza 55.

Kumbi na misikiti

Sheria ya Martyn, yenye jina la mmoja wa waliouawa Manchester, ilipitishwa Aprili 2025. Kumbi zinazotarajiwa kuwa na watu 200 au zaidi, zikiwemo za harusi zetu, zitatakiwa kuwa na mpango wa kuwaokoa watu. Utekelezaji umepewa muda usiopungua miezi 24, lakini kamati ya msikiti au kanisa inaweza kuanza Jumamosi hii: nani ana funguo za mlango wa nyuma?

Ukiwa na shaka isiyo ya dharura, piga simu ya polisi ya kupambana na ugaidi: 0800 789 321. Na mhudumu wa mlangoni asipokusikiliza, mtafute mkubwa wake.