Dondoo muhimu: Taa za ruta zinawaka, kurasa hazifunguki

Uko Mugumu au Tarime mjini, WhatsApp inapokea ujumbe, lakini tovuti zinagoma. Usikimbilie kununua bando jingine. Angalia DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba.

Ruta nyingi za nyumbani hujiweka katikati. Simu hutuma swali kwa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta ikiwa na jibu kwenye kumbukumbu yake hulitoa papo hapo, la sivyo hupeleka swali kwa seva ya kampuni ya mtandao. Ruta za bei nafuu hulemewa hapo vifaa vikiwa vingi, kama kwenye nyumba ya wageni iliyojaa.

Kwenye dirisha la amri la kompyuta andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, laini ni nzima, shuku DNS. Zima ruta nusu dakika, uiwashe. Ikigoma bado, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya DHCP, uandike 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kama DNS, kisha unganisha vifaa upya. Walio Sirari wenye ruta ya laini ya simu wahakikishe kwanza haijanasa mnara wa upande wa Kenya.

La muhimu kuliko yote ni nywila ya kiwandani ya ruta: ibadilishe. Anayeijua anaweza kubadili DNS na kukupeleka kwenye ukurasa bandia wa benki. Ukikuta kwenye sehemu ya DNS namba ambazo hukuziweka wewe wala kampuni yako, rudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani leo leo, uweke nywila mpya.