Mashine Pepe Inapoganda Baada ya Nywila: Mwongozo kwa Wenye Seva za Nyumbani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya karani, mhasibu, mwenye stesheneri na fundi kompyuta ambaye kazi yake inategemea seva iliyopo nyumbani: kompyuta moja (ndiyo kompyuta mwenyeji), mara nyingi ya mtumba, yenye memori ya GB 8, inayobeba ndani yake mashine pepe mbili au tatu kwa kutumia VirtualBox, Proxmox au KVM. Unashughulikia tatizo moja tu. Mashine pepe inawaka, inafika kwenye ukurasa wa kuingilia, unaandika nywila, unabonyeza Enter, kisha kimya. Haikukatalii wala haikufungulii.

Agizo la kwanza ni hili, na mengine yote yanalifuata: usizime kwa nguvu. Mashine iliyogandia kwenye nywila mara nyingi haijafa, inasubiri kitu. Pengine inasubiri nafasi kwenye diski, pengine memori, pengine jibu la mtandao. Kazi yako ni kujua inasubiri nini na kuipatia. Ukiizima kwa nguvu unaikata katikati ya kuandika, na tatizo la dakika kumi linageuka kuwa hasara ya wiki.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeyaona. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, anayenunua kwenye soko la Mwaloni Kirumba na kupeleka mikoani, alikuwa na hesabu zake zote ndani ya mashine pepe kwenye kompyuta iliyokaa stoo, nyumbani kwake hapa Pasiansi. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku na kurudi, karani wake aliandika nywila na skrini ikabaki ya bluu. Akangoja dakika tano, akashikilia kitufe cha kompyuta mpaka ikazima. Akawasha, ikagandia palepale. Alirudia mara tatu. Nilipofika akaniambia, "Fundi, nimeiristati mpaka nimechoka, hii imekufa." Haikuwa imekufa. Diski ya kompyuta mwenyeji ilikuwa imejaa pomoni. Nilihamishia kwenye diski ya nje mafaili ya zamani yaliyokuwa yamekaa bure, na ndani ya nusu saa mashine ilifunguka. Ila hifadhidata ya mauzo ilikuwa imeharibika kwa kukatwa mara tatu. Mauzo ya siku mbili tuliyaandika upya kutoka kwenye risiti zilizokuwa zimefungwa kwa mpira ndani ya mfuko unaonuka dagaa, mama mwenyewe akisoma, karani akiandika. Hasara ile yote ilitokana na kitufe.

Tazama saa kabla ya kugusa chochote

Ukurasa wa kuingilia wa Windows, na wa Linux nyingi, huonyesha saa. Itazame kwa dakika mbili huku ukilinganisha na simu yako. Huu ndio uchunguzi wa bei rahisi kuliko wote, na mafundi wengi huuruka.

Kama saa imesimama, tuseme inaonyesha 2:14 na simu yako inasema 2:40, basi mashine pepe nzima imesimamishwa. Kipanya hakisogei ndani yake, na ukiipingi kutoka kompyuta nyingine haijibu. Hapo usihangaike na nywila wala na mtumiaji. Tatizo liko nje, kwenye kompyuta mwenyeji, na karibu kila mara ni diski. Kwenye Proxmox, fungua ukurasa wa mashine hiyo usome hali yake. Ukikuta neno io-error, umeshapata jibu.

Kama saa inatembea na pingi inajibu, mashine iko hai. Kilichokwama ni kile kinachofuata baada ya nywila kukubaliwa: kufungua folda la mtumiaji, kuandaa dawati, kuunganisha mtandao. Jaribu kuingia kwa akaunti nyingine. Ikifunguka, basi akaunti ya kwanza ndiyo yenye kasoro na mashine ni nzima. Kwenye Linux jaribu pia kuingia kwa njia ya maandishi, kwa Ctrl+Alt+F3. Angalizo: ukibonyeza vitufe hivyo kwenye kibodi yako, vinaweza kuchukuliwa na kompyuta mwenyeji. Kwenye VirtualBox shika Ctrl ya kulia pamoja na F3. Kwenye Proxmox na programu ya kuendeshea KVM, ipo sehemu ya kutuma vitufe kwenda ndani ya mashine pepe. Ukiweza kuingia kwa maandishi wakati dawati limekataa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha, kwa sababu sasa unaweza kuuliza maswali na kujibiwa.

Diski: ahadi zinazozidi mfuko

Kisa cha dagaa kilikuwa cha aina hii, na ndicho ninachokutana nacho zaidi. Mashine pepe huahidiwa diski bila kupewa yote kwa mara moja. Una diski halisi ya GB 240, umetengeneza mashine tatu na kila moja umeiambia ina GB 100. Jumla umeahidi GB 300. Mwanzoni hakuna shida kwa sababu kila moja imetumia kidogo. Miezi inapita, mafaili yanaongezeka, mpaka siku moja mashine inataka kuandika na nafasi halisi haipo. QEMU, ambayo ndiyo injini ya Proxmox na KVM, haiiachi iendelee kwa kubahatisha. Inaisimamisha ili isiharibike. VirtualBox nayo hufanya vivyo hivyo.

Kwa nini igande kwenye nywila? Kwa sababu kuingia ni kuandika. Mtumiaji akikubaliwa, mashine inaandika kumbukumbu ya kuingia kwake, inatengeneza mafaili ya muda, inafungua programu zinazoanza zenyewe, na kila moja inataka sehemu yake.

Kwenye kompyuta mwenyeji ya Linux andika df -h usome safu ya asilimia. Kama umegawa diski kwa LVM, kama Proxmox inavyofanya yenyewe inaposakinishwa, andika pia lvs, maana df haitakuonyesha nafasi ya hodhi la mashine pepe. Chochote kilichopita asilimia 90 ni cha kushughulikiwa leo.

Mlaji mkubwa wa nafasi ni ile picha ya hali ya mashine ambayo mtu huipiga kabla ya kufanya mabadiliko, kisha akaisahau. Tangu siku ilipopigwa, kila kipande cha diski kinachobadilishwa huandikwa mahali papya huku cha zamani kikihifadhiwa. Lakini usikimbilie kuifuta wakati diski imejaa: kwenye mifumo mingine kufuta ni kuunganisha, na kuunganisha kunahitaji nafasi. Kwanza hamisha vitu vingine, yaani mafaili ya ISO na nakala rudufu za zamani, kwenye diski ya nje. Ukipata GB kadhaa, iendeleze mashine iliyosimamishwa; kwenye Proxmox amri ni qm resume na namba ya mashine. Utaona saa inatembea tena na dawati linafunguka. Izime kwa utaratibu wa kawaida, chukua nakala, ndipo ufute ile picha ya hali.

Diski inaweza pia kuwa mbovu. Andika dmesg kwenye kompyuta mwenyeji. Mistari inayotaja makosa ya kusoma diski ikijirudia, au smartctl -a ikionyesha Current_Pending_Sector inapanda, acha kila kitu. Diski ya namna hiyo hairekebishwi, inanakiliwa na kustaafishwa.

Memori na joto

Kama kompyuta ina GB 8 na umezipa mashine pepe mbili GB 4 kila moja, mwenyeji amebaki hana kitu. Ataanza kutumia diski badala ya memori, na dawati linalopaswa kufunguka kwa sekunde kumi litachukua dakika kumi. Taa ya diski inawaka bila kupumzika na free -h inathibitisha. Muachie mwenyeji angalau GB 2, na usiwashe zote kwa pamoja bila sababu.

Sisi wa ufukweni tuna jambo letu. Wadudu wadogo wa Ziwa Victoria hufuata taa usiku, na kompyuta iliyowekwa karibu na dirisha huwavuta kwa feni yake. Fungua kifuniko uone: chini ya feni kuna zulia la vumbi na mabawa. Prosesa ikipata joto kali hupunguza kasi yake yenyewe. Safisha kwa brashi laini, umeme ukiwa umechomolewa.

Mtandao: kusubiri asiyekuja

Umeme unaporudi usiku, vifaa haviamki pamoja. Kama folda la mtumiaji au mafaili ya ofisi yako kwenye kifaa kingine cha kuhifadhia, mashine pepe inaweza kuamka kabla ya kifaa hicho. Linux inayotumia systemd huisubiri huduma iliyochelewa kwa sekunde 90 kwa kawaida, na folda la mtandao la NFS lililounganishwa halafu kifaa chake kikatoweka linaweza kusubiriwa bila kikomo. Dalili yake ni kwamba akaunti isiyotumia folda hilo inafunguka vizuri. Tiba ni mbili. Ndani ya faili la /etc/fstab ongeza neno nofail kwenye mstari wa folda hilo, ili mashine iwake hata likikosekana. Na kwenye kompyuta mwenyeji panga zamu: kifaa cha kuhifadhia kianze, mashine pepe zifuate baada ya dakika mbili.

Aina ya pili ya kusubiri mtandao ni kuuliza jina na kukosa jibu. Mashine ya Linux hungoja sekunde 5 kwa kila ulizo la DNS na hujaribu mara 2. Ukiwa na seva mbili za DNS za nje na intaneti haipo, ulizo moja linakula sekunde 20, na kuingia mara moja kunaweza kuwa na maulizo kadhaa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania kuyumba kwa intaneti, wapo walioshangaa kuona hata kompyuta zao za ndani zinasuasua. Hakikisha jina la mashine yenyewe limeandikwa ndani ya /etc/hosts, na ruta yako ya nyumbani ijibu majina ya vifaa vya ndani. Ukitaka uhakika wa haraka, ikate mashine pepe kwenye mtandao kabisa kupitia mipangilio yake, kisha ujaribu kuingia. Ikifunguka upesi, kosa liko kwenye mtandao.

Saa ya kompyuta mwenyeji

Kompyuta za mtumba huja na betri ya ubao mama iliyochoka, ile ya duara ya CR2032 yenye volti 3. Umeme ukikatika, saa inarudi miaka mingi nyuma, na mashine pepe huchukua saa hiyo zinapowaka. Ofisi inayotumia Kerberos, ambayo ndiyo njia ya kuingia kwenye mtandao wa Windows wenye seva kuu, haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Namba za uthibitisho za simu hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo nazo zinakataa. Ukiona mwaka usioeleweka, badilisha betri kwanza, kisha ndipo utafute kosa jingine.

Ikibidi kuzima

Ipo siku hakuna njia nyingine. Anza na kuomba: kitufe cha Shutdown cha Proxmox huiomba mashine pepe izime yenyewe, ilhali Stop ni sawa na kuchomoa waya. Omba, ngoja dakika tano. Ikishindikana, simamisha, na kabla ya kuwasha tena nakili faili la diski yake. Kisha iwashe kwa ISO ya uokozi na uikague kwa fsck diski ikiwa haitumiki. Fsck kwenye diski inayoandikwa inaharibu kile ilichokuja kuponya.

Nakala hiyo ina majina, namba za simu na pengine namba za NIDA za wateja wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakubebesha wajibu wa kuzilinda. Usimpe fundi diski aende nayo kwake bila maandishi yanayosema amepewa nini na atarudisha lini. Fundi mwaminifu hataona vibaya kusaini.

Na nunua UPS yenye waya wa USB. Ukiiunganisha na programu ya Network UPS Tools, umeme ukikatika seva itazima mashine pepe moja moja kwa utaratibu kabla betri haijaisha, hata kama nyumba nzima imelala.

Ile seva ya mfanyabiashara wa dagaa bado iko stoo. Ubavuni imebandikwa karatasi kwa selotepu, ameiandika karani mwenyewe kwa kalamu nyekundu: tazama saa, angalia diski, mpigie fundi. Umeme umekatika mara nyingi tangu siku ile, na hakuna aliyeshika tena kile kitufe.