Tope Lililojificha Chini ya Bwawa



Choo cha shimo kikijaa mnaona. Bwawa la maji taka likijaa tope hamwoni, kwa sababu maji juu yanakaa palepale kama jana. Je, mlishawahi kulipima bwawa la shule au la soko lenu?

Tuseme bwawa linabeba mita 600 za ujazo na kila siku linapokea mita 20. Basi maji hukaa humo siku 30. Tope likichukua thuluthi moja, zinabaki mita 400, na maji yanatoka baada ya siku 20. Mayai ya minyoo yanataka muda ndipo yazame. Yakikosa muda huo yanatoka hai mpaka mtoni, kwa yule mama anayenyunyizia sukuma wiki zake kule chini. Kwa hiyo bwawa la kwanza, lile lenye kina kirefu, husafishwa tope linapofika thuluthi.

Tangu zamani mtu hupanda mtumbwi na kupima kwa mti. Akianguka, si maji ya kuogelea yale! Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia walieleza njia nyingine: mashua ndogo inayoongozwa kwa rimoti kutoka ukingoni, imebeba GPS na sona. Sona hutuma sauti chini, halafu inasikiliza mwangwi kutoka juu ya tope, kama vile ukiita bondeni sauti inakurudia. GPS huandika ni mahali gani. Mashua huenda na kurudi kama ng'ombe wa plau. Bwawa lilichimbwa mita 3, na sona inasema maji ni mita 1.8? Basi tope ni mita 1.2, mmechelewa tayari. Tope halilali sawasawa, kwa hiyo vipimo vingi vinahitajika, hasa kwa mabwawa mapana kama yale ya Ruai, Nairobi.

Na droni? Hupiga picha nzuri za kingo zilizobomoka, magugu na utando wa uchafu. Lakini chini ya maji hayo machafu haioni kitu, msidanganywe. Tena hapa Kenya lazima kibali cha KCAA.

Kwa bwawa dogo mti bado unafaa. Viringisha taulo nyeupe sehemu ya chini, shusha wima polepole mpaka sakafuni, kisha toa taratibu. Pale taulo lilipochafuka kwa tope ndipo kipimo chenu. (Kama chini kuna plastiki, msichome kwa nguvu.) Pimeni mahali kadhaa, mbali na mteremko wa kingo. Aliye mtumbwini avae jaketi la kuelea na glavu, mwingine asimame ukingoni na kamba. Watoto wasikaribie.

Ya kujadiliana mkutano ujao: Bwawa letu lilichimbwa kina gani, na nani ameandika? Tope likitolewa litapelekwa wapi, na gharama italipwa na nani?