SOMO: KUJITOSA MAJINI KUTOKA JUU YA MWAMBA



Pale Fourteen Falls, kwenye Mto Athi karibu na Thika, vijana hujitosa kutoka juu ya miamba, wageni wakitazama na kuwapa pesa kidogo. Raha iko, tusikatae. Moyo unadunda, na wenzako wanakuita shujaa. Ukimwambia kijana "usiruke" bila sababu, ataruka ukishageuka.

Sababu ni hii. Anayeruka kutoka mita 10 hugonga maji kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Hapo maji si laini tena. Akitanguliza kichwa mahali pasipo na kina, shingo inaweza kuvunjika, akapooza maisha yake yote.

Mabingwa wa dunia huruka kutoka mita 27, lakini huingia kwa miguu, kina kimepimwa, na waokoaji wanangoja majini. Mto wetu je? Mvua ya usiku mmoja huleta gogo au mchanga, na maji machafu hayaonyeshi kitu.

Mtu akiumia, msimvute kwa mikono wala kumkunja. Mshikilieni aelee uso ukiwa juu, kichwa na mgongo vikiwa vimenyooka, mpaka ubao upatikane. Kisha apelekwe hospitali.

Jadilianeni:
1. Vijana wetu hurukia wapi?
2. Nani atawafundisha kupima kina kwa mti mrefu kwanza?
3. Wanaoruka kwa sababu ya pesa, kikundi kinaweza kuwapa kazi gani?