Gari Linapopungukiwa Nguvu Njiani

Muhula huu nimeombwa niandike juu ya jambo lililo karibu na masomo yetu ya fizikia: gari linalopoteza nguvu likiwa safarini. Jambo hili si la kuwaachia mafundi peke yao. Gari likilegea wakati linapolipita lori, au likishindwa mlima hali limejaa abiria, hatari ni ya wote waliomo. Tena mwenye gari asiyejua kutafuta chanzo hununua vyombo asivyovihitaji.

Kwanza tukumbuke mahitaji ya injini. Injini ya petroli yataka vitu vinne: hewa, mafuta, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo mzuri ndani ya silinda. Kisha moshi lazima upate njia ya kutoka. Wengi hufikiri juu ya petroli tu, wakaisahau hewa. Kumbe kilo 1 ya petroli yahitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue sawasawa. Yaani lita 1 ya petroli hutumia kiasi cha lita 9,000 za hewa. Basi chujio la hewa likijaa vumbi, injini huwa kama mkimbiaji aliyezibwa pua.

Kwa sababu hiyo hiyo gari zima kabisa laweza kupungukiwa nguvu. Hewa ya nchi za juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu 1 katika 10 ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 za kupanda. Gari litokalo Mombasa, likifika Nairobi, palipo juu ya meta 1,600, halina tena nguvu zile lilizoondoka nazo.

Sasa tuje kwenye upelelezi. Fundi mwema huuliza kabla ya kushika spana:

1. Je, injini yanguruma kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo? Katika gari la gia za mkono, yaelekea klachi inateleza.

2. Je, gari ni zito hata kwenye tambarare, na gurudumu moja lina joto kuliko mengine? Breki imeshika. Usiliguse gurudumu, sogeza mkono karibu tu.

3. Je, injini yatetemeka na kurukaruka? Tazama kwanza plagi, koili na nyaya zake.

4. Je, yanguruma vizuri gari likisimama, lakini hulegea mlimani? Huenda mafuta hayafiki ya kutosha: chunguza chujio la petroli na pampu. Au bomba la moshi limeziba.

5. Je, moshi ni mweusi? Mafuta yamezidi hewa. Na sindano ya joto ikipanda mno, simama mara moja. Usiendelee kupeleleza huku ukienda.

Magari ya siku hizi yana kompyuta. Taa ya injini ikiwaka, fundi huunganisha chombo cha kusomea namba ya kosa. Namba hiyo huonyesha pa kuanzia kutafuta. Haiamuru kitu gani kinunuliwe.

Nitoe mfano mmoja niliouona mwenyewe likizo iliyopita, nikimsaidia mjomba wangu aliye fundi. Aliletewa pikapu kuukuu ya kabureta, ambayo kijijini kwetu ndiyo ibebayo wagonjwa kwenda hospitali usiku. Ilikuwa ikienda vizuri nusu saa, kisha yalegea na kuzimika. Ikipumzishwa kidogo, yawaka tena. Mwenyewe alikwisha kuuziwa pampu mpya mahali pengine, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Mjomba aliuliza, "Kwa nini ipone kwa kupumzika tu?" Akatuambia tuiendeshe mpaka ilegee. Ilipolegea tuliizima, akafungua kifuniko cha tangi. Tukasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio. Injini ilipowashwa, ikawa na nguvu zake zote. Tundu dogo la kupumulia katika kifuniko lilikuwa limezibwa na udongo! Petroli ilipotoka, hewa haikuweza kuingia kushika mahali pake. Kanieneo ndani ya tangi ikashuka, hata pampu ikashindwa kuvuta. Gari likipumzika, hewa ilipenya kidogo kidogo. Tulisafisha tundu, tukaenda safari ya saa nzima ili kuhakikisha. Haikulegea tena. Dawa yenyewe ilikuwa waya mwembamba na kitambaa.

Angalieni, wenzangu, utaratibu wa kazi ile. Alitazama dalili, akafikiri sababu, akaijaribu, akabadili kitu kimoja tu, kisha akajaribu tena. Angalibadili vitu vitatu pamoja, asingalijua kipi kilichoponya. Ndiyo njia ile ile tufundishwayo maabarani.

Mwisho, msifungue tangi penye moto au sigara, wala msichunguze gari katikati ya barabara. Liwekeni pembeni, wekeni vibao vya hatari, ndipo mwanze.

Maswali ya kujipima:

(a) Kwa nini pampu mpya haikuiponya pikapu ile?

(b) Gari lalegea mlimani, na injini yake yanguruma kwa kasi zaidi. Utachunguza nini kwanza?

(c) Eleza kwa nini mkebe wa maziwa hutobolewa matundu mawili.